Isale Nililopeleka Rau

Mimi ni mtu wa darasa la saba, na silifichi hilo, maana wengi walionizidi madarasa wamejenga kwa saruji yangu. Fika Kiboriloni uulize duka la vifaa vya ujenzi, lile la mzee wa mabati, hata mpita njia atakufikisha mlangoni. Nilianza na mkokoteni wa kukodi. Nilibeba mbao za watu, misumari ya watu, ndoo za rangi za watu, mpaka siku moja vitu nilivyobeba vikawa vyangu. Hakuna aliyenishika mkono. Kwetu Old Moshi kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa na makaburi ya wazee, huachiwa mtoto wa mwisho. Yeye hubaki na wazazi, awatunze na kuwazika. Wa kwanza naye hupewa chake. Wa katikati hupewa baraka na nauli ya kushuka mjini. Mimi ni wa katikati.

Naanza na hilo ili ieleweke kwa nini nilishindwa kumwacha mama alipokuwa. Kaka yetu mkubwa alishafariki. Kihamba anacho mdogo wangu, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, mwenye shati moja la Jumapili. Mama aliishi naye, alitibiwa kwa kadi yake. Bima ya watumishi wa serikali inamchukua mwalimu, mkewe, na watu wengine wachache wa familia, na nafasi hizo zikijaa zimejaa. Mama alikuwa kwenye nafasi mojawapo. Akiumwa goti, anakwenda na kadi, anakaa kwenye benchi na wazee wenzake, wanasimuliana habari za mazishi na mahindi, anarudi jioni na vidonge. Hakuwahi kulalamika.

Aliyelalamika ni mimi. Kila nikipanda mlimani na gari langu nikamkuta ameketi kwenye benchi la zahanati, najiona nimevuliwa nguo. Nilikuwa nimewakatia vijana wangu wa dukani bima kwenye kampuni binafsi, na yule wakala mwenye tai aliniambia wazazi nao wanaweza kuingia. Akaniletea kadi ngumu, ya rangi ya dhahabu, jina la mama likiwa limechongwa juu yake. Niliiweka mfukoni nikaisubiri Krismasi.

Krismasi kwetu watu wote hurudi nyumbani, waliofanikiwa na wanaojifanya. Mbuzi alikuwa ameshaiva, mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka, uani pamejaa. Nikasimama.

"Mama, leta ile kadi ya mwalimu."

"Ya nini? Mbona inanitosha."

"Inakutosha kukaa kwenye benchi. Mama yangu mimi hakai kwenye benchi."

Watu wakacheka. Nikatoa ile ya dhahabu, nikamvalisha shingoni kwa kamba yake kama medali. Nikasema maneno mengi siku ile. Nilisema bima ya serikali ni foleni na panado. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, alikuwa amekuja kuwashawishi watu wajiunge na ile kadi ya kaya, ile ya bei nafuu ya wakulima. Baada ya maneno yangu hakushawishi mtu. Alikula nyama yake akaaga.

Mdogo wangu alinivuta pembeni, karibu na zizi.

"Kaka, nikimtoa mama, nafasi haikai wazi. Nitamweka mama mkwe. Ana sukari."

"Muweke," nikamwambia, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye moto. "Muweke na jirani yake. Serikali si baba wa wote?"

Huyo mama mkwe ni mwanamke wa mjini, Muislamu, anaishi Rau. Ni wale watu wa Moshi wenye damu ya huku na huku, baba Mpare, mama sijui wa wapi, hana kihamba wala ukoo wa kupanda kwake Desemba. Anashona nguo. Mwalimu alipomuoa binti yake sikwenda harusini. Nilisema nina mzigo wa saruji unashuka.

Mwaka wa kwanza kadi ya dhahabu ilinipa raha, lazima niseme ukweli. Hospitali ya watu binafsi, viti laini, chai ya maziwa, daktari anamwita mama "bibi yangu". Nilikuwa nampeleka hata kwa kikohozi. Halafu miguu yake ikaanza kuvimba. Wakapima, wakaniita pembeni, wakasema figo. Akawa mtu wa mashine, damu inatolewa, inasafishwa, inarudishwa, mara tatu kwa wiki, na haina mwisho wake.

Wakamkataza ndizi. Mchagga wa Old Moshi, aliyelelewa kwa mtori, supu yetu ya ndizi, amezaa kwa mtori, migomba inagusa dirisha lake, anaambiwa ndizi ni sumu kwake. Alinitazama akasema, "Mwanangu, hawa wamenifukuza nyumbani nikiwa nimo ndani." Mimi nikamtania, nikamwambia ale wali kama Mswahili. Nilikuwa bado na ubavu wa kutania. Kadi ilikuwa shingoni.

Mwaka ulipoisha nikapeleka majina kampuni kama kawaida. Yakarudi yote, la mama halipo. Nikapiga simu. Akapokea binti mwenye sauti nzuri.

"Mzee wangu, mfumo haumpokei. Umri umepita, na pia hali yake inajulikana."

"Inajulikana na nani?"

"Na sisi, mzee."

"Mmeijua kwa sababu mlimtibu."

"Ndiyo, mzee. Ndiyo maana sasa inajulikana."

Nilitaka kumtukana, nikashindwa, kwa sababu sauti ile naijua. Ni sauti yangu. Ndiyo ninayoitumia mtu akija kuomba mabati ya mkopo wakati nimeshasikia kahawa yake imeshikwa na ugonjwa. Simfokei. Namwambia mzee wangu, mfumo wa duka hauruhusu, na duka halina mfumo wowote zaidi yangu mimi. Duka huchagua wateja, ndivyo linavyoishi. Kampuni ile ilimpenda mama alipokuwa mzima, na alipougua ikamtambua kuwa ni hasara. Hawakuniibia. Mimi mfanyabiashara ndiye niliyekwenda kununua upendo wa mama dukani, nikashangaa kuuziwa kama bidhaa.

Nikalipa mwenyewe. Nilijiambia nina nguvu. Lakini mashine haina msimu, haijui kwamba wakati wa masika watu hawajengi. Lilipouzwa Fuso langu, lori lile lenye jina langu kwenye bampa, watu waliuliza, nikasema naleta jipya. Halafu ikafika siku ambayo mama alitakiwa kwenda na hakwenda. Nilimwambia kwamba mashine ya hospitali imeharibika. Jioni alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda mlima, ameketi kitandani kwa sababu akilala anazama. Mdogo wangu akanitoa nje.

"Kaka, mashine imeharibika kweli?"

Nikaanza kutafuta funguo za gari mfukoni.

"Nimeuliza ofisini," akasema. "Jina haliingii mpaka jingine litoke. Watoto wangu siwezi kuwatoa. Amebaki mama mkwe. Mimi nikimwomba, nyumba yangu imekwisha, na mke wangu atakuwa na haki. Wewe ndiye uliyeifungua ile nafasi, tena kwa sauti. Nenda wewe."

Sasa, kwetu kuna jani linaitwa isale. Utaliona kwenye mipaka ya mashamba, refu, la kijani, halinyauki haraka. Mtu akimkosea mwenzake hulikata, akalipeleka kwa mikono miwili, akanyamaza. Aliyekosewa hata awe na panga mkononi analipokea, na kesi imekwisha. Hakuna Mchagga anayelikataa. Sisi wenye shingo ngumu tunalipenda kwa sababu hiyo hiyo: jani linapiga magoti, wewe umesimama wima. Asubuhi nikakata kichwa cha isale mpakani mwa kihamba, na kijiti chake, nikalilaza kwenye kiti cha mbele cha gari, nikashuka Rau.

Nilimkuta barazani kwenye cherehani, mguu kwenye pedali.

"Karibu, Mangi," akasema. Watu wa mjini hutuita hivyo sisi wenye maduka. "Leo umepotea njia?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikalitoa kwa mikono miwili. Nikainamisha kichwa kidogo, nikanyamaza, nikasubiri apokee.

Cherehani ikasimama. Alipoliona alivuta khanga kichwani, na uso wake ukabadilika kabisa.

"Mama yako amefariki?"

"Hapana, mama."

"Usinifiche. Majani haya niliyaona kwenye makaburi yenu siku tuliyomzika baba yenu. Amefariki saa ngapi?"

"Yuko hai."

"Sasa unaniletea mti wa makaburini asubuhi hii kwa nini?"

Hapo nikaanza kumweleza, na hakuna jambo gumu kama kueleza kitu kilichotengenezwa ili usieleze. Jinsi linavyokatwa, jinsi linavyopelekwa, kwamba mwenye kukosewa hawezi kulikataa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani.

"Mimi nimezaliwa Moshi hii. Nimezeeka nawashonea Wachagga nguo za harusi, na wengine hawajamaliza kunilipa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniletea hili. Ningelijulia wapi?"

Akaingia ndani, akarudi na kopo kubwa la maziwa ya unga lenye maji, akalisimamisha isale humo, pembeni ya mlango.

"Haya, jani limefika. Sasa sema."

"Niseme nini, mama?"

"Sijui ulichonikosea, Mangi. Jani halina mdomo."

Mtu wa umri wangu. Nimesimamisha maghorofa ya watu. Nikasema pale barazani, jirani akianika nguo upande wa pili, kwamba nilimdharau. Kwamba Krismasi ile nilimtaja kama mtu wa kuokota makombo. Kwamba sikuja harusini.

"Ulisema una saruji inashuka."

"Ndiyo."

"Ilishuka?"

"Haikuwepo, mama."

Akatikisa kichwa. "Nilikuwekea pilau kwenye hotpoti mpaka jioni. Haya. Endelea."

"Yameisha."

"Hayajaisha. Mtu hashuki kutoka mlimani kwa ajili ya pilau ya zamani."

Ndipo nikamweleza habari za mama, kampuni, Fuso, mashine niliyosema imeharibika. Sikufika mwisho. Aliweka mkono juu ya gurudumu la cherehani akaniuliza taratibu:

"Hili jani ni la msamaha, au ni la nafasi?"

Sijawahi kuulizwa swali kama lile, na sidhani nitaulizwa tena. Kama lingekuwa la msamaha tu ningelileta miaka mingi nyuma. Nililileta kwa sababu halikataliki. Nilikuwa nimechukua kitu kikubwa kuliko vyote tulivyoachiwa na wazee, nikakifanya kuwa mtego wa kumnasia mama mgonjwa wa sukari. Nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa vya gharama.

"Msamaha nimekupa," akasema. "Nafasi ni jambo lingine."

"Nitakulipia dawa zako zote, mama. Mpaka siku Mungu atakapokuita."

"Ukifilisika?"

"Sifilisiki."

"Ulikuwa na Fuso. Na ukinikasirikia je? Binti yangu akigombana na mdogo wako, ukisikia upande mmoja? Sindano zangu zinakaa kwenye friji ya jirani, Mangi. Kila asubuhi nakwenda kuomba kufunguliwa mlango. Siku amelala, nasubiri. Siku amenuna, nachekacheka kwanza. Mimi nimezeeka, nataka kitu kisichokuwa na hasira. Ile kadi haina hasira. Haijui nimeshona kwa nani wala nani hakuja harusini."

Nimesikia watu wakibishana kuhusu bima, redioni, dukani kwangu, kwenye mbege. Wenye kampuni wanasema serikali ni zembe, na ni kweli, nimeliona hilo benchi. Siku hizi wanasema bima ya watu wote inakuja, na sijui itakuja kwa mwendo gani. Lakini hoja nzito kuliko zote niliisikia Rau. Msaada wangu mimi tajiri una hasira ndani yake, na kadi ya kampuni ina hesabu ndani yake. Mgonjwa anahitaji kitu ambacho ni chake tu, bila kuchekacheka. Na kama serikali ingekuwa imetuwekea wote, mimi nisingekuwa barazani pale nikimwomba mgonjwa mmoja ashuke ili mgonjwa mwingine apande.

Akamaliza mshono aliokuwa nao, akakata uzi kwa meno.

"Siku ya mazishi ya baba yenu," akasema, "mama yako alinikuta nimesimama. Akanipa kiti chake, yeye akakaa chini kwenye majani ya mgomba. Mfiwa amenipa kiti. Wewe hukuona, ulikuwa unapokea magari." Akanyanyuka. "Yeye akikosa mashine hamalizi wiki. Mimi nikikosa sindano nitahangaika kwanza. Mwambie mwalimu anitoe. Na nitamweleza binti yangu mimi mwenyewe."

Nikaanza kushukuru. Akanizuia.

"Sikumaliza. Utanipeleka nikajiunge na ile ya kaya, uliyoitukana kwenye mbuzi. Siku za kliniki utakuja wewe, sio dereva. Utakaa na mimi kwenye benchi. Dawa isipokuwepo, hapo utanunua, lakini tutakuwa tumeambiwa wote wawili kwamba haipo."

Jina la mama lilirudi. Alirudi kwenye mashine, miguu ikapungua, akaanza tena kugombana na kuku. Hakuna aliyemwambia, lakini mama haambiwi, hujua. Siku moja alinikatisha nikiwa naaga.

"Kiti nilichokalia ni cha mkwe wetu?"

"Ndiyo, mama."

Hakunilaumu. Alikwenda nyuma ya nyumba na panga, yeye mwenyewe, na mdogo wangu akimfuata kwa wasiwasi, akaonyesha mkungu mkubwa kuliko yote. "Huu mimi siruhusiwi. Mpelekee. Mwambie na yeye asile nyingi, sukari haipendi." Nikaubeba begani mpaka kwenye gari. Utomvu wa ndizi ulinidondokea kwenye shati, na utomvu wa ndizi hautoki.

Basi nikaanza kukaa kwenye benchi. Ni la mbao, limeng'aa kwa makalio ya watu. Unafika mapema, unaacha nafasi yako ikijulikana, unasogea kila mmoja akiitwa. Mara ya kwanza nilijifanya nasoma simu. Mkwe alikuwa ameshika mkoba wake magotini, anaongea na kila mtu, anajua magonjwa ya watu wote pale.

Akapita fundi mmoja mkuu, mteja wangu wa nondo, ameleta mtoto. Akasimama.

"Bosi, na wewe huku? Kadi ya dhahabu imechuja?"

Watu wakageuka. Ile habari ya Krismasi ilikuwa imeshuka mlima wote.

"Aa, nimemsindikiza tu," nikasema.

"Nani huyu, bi mkubwa wako?"

"Hapana. Ni mama mmoja tu wa Rau."

Yalitoka hivyo. Sikuyapanga. Fundi akaenda zake. Mkwe aliutoa mkoba magotini, akauweka kwenye benchi katikati yetu. Tukakaa hivyo mpaka alipoitwa.

Sindano hazikuwepo siku ile. Tukaambiwa wote wawili, kama alivyotaka. Nikanunua duka la dawa, akapokea, akasema asante kama anavyoambiwa kondakta. Nilipofika kwake nikasimamisha gari bila kuzima, nikamsubiri ashuke. Hakushuka. Alikuwa anatazama mlangoni kwake, kwenye lile kopo la maziwa.

"Isale lako limeota mizizi," akasema. "Nilitaka nilipande kwenye uzio."

"Linaota kirahisi, mama."

"Nimeliacha kwanza." Akafungua mlango wa gari, akabaki ameshikilia. "Sasa nakuuliza, Mangi. Utaleta jingine, au tutumie lilelile?"

Nikazima gari. Nikashuka, nikazunguka upande wake, na pale barabarani, muuza mkaa akitutazama, nikasema kwa mdomo kwamba pale benchini nilimkana.